Kampuni na majanga katika mwambao wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya kampuni zinazofanya kazi Mwanza na katika mwambao wa ziwa kwa jumla: viwanda vya samaki, wasafirishaji wa majini na wa barabarani, wenye maghala, hoteli, shule binafsi, na wafanyabiashara wa kati wenye wafanyakazi wengi kiasi cha kubeba dhamana ya maisha yao, lakini wasio na idara ya kushughulikia dharura. Maswali yamepangwa kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe, tangu maandalizi hadi uchunguzi wa baadaye. Mengine yanajibika kwa mistari michache, mengine hayajibiki hivyo.

Ni wakati gani tatizo la kazi linageuka kuwa janga la kampuni?

Lori la barafu likiharibika njiani kutoka Sengerema, hilo ni tatizo. Fundi ataitwa na mzigo utahamishiwa gari jingine. Linageuka kuwa janga pale ambapo maisha ya watu, mali nyingi au jina la kampuni viko hatarini, muda wa kuamua ni mfupi kuliko utaratibu wa kawaida wa ofisi, na taarifa zilizopo hazitoshelezi kuamua kwa uhakika. Yote matatu yakikutana, msimamizi wa zamu hawezi tena kuendelea kana kwamba ni siku ya kawaida.

Kampuni nyingi hazikwami kwa kukosa ujasiri, hukwama kwa kuchelewa kutambua kwamba hali imebadilika. Msimamizi anamsubiri meneja, meneja anamsubiri mkurugenzi aliye safarini Dar es Salaam, na saa mbili za thamani zinapita. Kwa hiyo inafaa kuandika mapema vigezo vinavyoeleweka na kila mtu: mfanyakazi akilazwa kwa ajali ya kazini, bidhaa ikishukiwa kumdhuru mlaji, chombo kikichelewa kufika bila mawasiliano, kazi ikisimama kwa zamu nzima. Kigezo kimoja kikitimia, yeyote aliye zamu ana haki ya kutangaza hali ya dharura, na hatalaumiwa hata ikibainika baadaye kwamba hapakuwa na jambo kubwa.

Tuna wafanyakazi kumi na wawili tu pale Igoma. Je, tunahitaji mpango ulioandikwa?

Ndiyo, ingawa kurasa mbili zinatosha. Kampuni kubwa inaweza kumpoteza mtu mmoja anayejua kila kitu na ikaendelea. Kampuni ya watu kumi na wawili ikiwa na mhasibu mmoja anayejua nywila za benki, na huyo mhasibu akapata ajali ya bodaboda, mishahara haitalipwa mwisho wa mwezi. Kwa kampuni ndogo, sehemu kubwa ya mpango ni kuhakikisha kwamba hakuna jambo muhimu linalojulikana na mtu mmoja peke yake.

Tuanze na hatari zipi?

Msianze na kiolezo kilichopakuliwa mtandaoni. Kaeni na watu wanaofanya kazi yenyewe, yaani madereva, walinzi, mafundi wa majokofu, wapakiaji na watunza ghala, kisha waulizwe ni jambo gani huwanyima usingizi. Majibu yao huwa mahususi kuliko ya chumba cha mikutano. Mlinzi anajua kwamba lango la nyuma hufungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hukaa ofisini. Fundi anajua jenereta huwaka baada ya kusukumwa mara ya tatu.

Yapo pia mambo ya eneo letu ambayo mpango wowote wa hapa haupaswi kuyaacha. Upepo wa ziwa hubadilika ghafla. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalifikia kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 yakapanda tena, hivyo ghala lililojengwa karibu na maji kwa imani kwamba ufukwe hautasogea linapaswa kuhesabiwa kuwa hatarini. Virusi vya Marburg vilithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na kampuni yenye wafanyakazi wanaosafiri kati ya Mwanza na Kagera ilihitaji kujua nani yuko wapi. Wanaodhani kwamba matetemeko ni habari ya nchi za mbali wakumbuke tarehe 10 Septemba 2016, siku ambayo tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba Bukoba.

Mkishapata orodha ya hatari, chagueni tano. Mpango wenye hatari arobaini hausomwi na mtu.

Kwa nini suala la orodha za watu linasisitizwa kuliko vifaa?

Kwa sababu ziwa hili limetufundisha hivyo kwa gharama kubwa.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Matokeo yake ni kwamba hadi leo idadi ya waliofariki inatajwa kwa namna tofauti kutegemea nani anayesimulia, na zipo familia ambazo hazikuweza kupata uthibitisho wowote kwamba ndugu yao alikuwa ndani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliopoteza maisha walizidi 220. Mhudumu aliyekuwa akikata tiketi alifariki, na mashine iliyokuwa na kumbukumbu za abiria ikapotea majini, hivyo waokoaji walilazimika kukadiria idadi ya watu waliokuwa wakitafutwa.

Tukio hili la pili lina funzo ambalo kampuni yoyote inaweza kulitumia kesho asubuhi. Orodha inayokaa ndani ya chombo, ndani ya ghala au ndani ya kompyuta iliyo katika jengo linaloungua ni orodha inayopotea pamoja na watu waliomo. Nakala inapaswa kubaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka. Kwa kiwanda, inapaswa kuwa kwa mlinzi wa lango, na pia kwa mtu aliye nje ya eneo. Si lazima iwe ya kisasa. Daftari la kutia saini wakati wa kuingia na kutoka, likipigwa picha kila mwanzo wa zamu na kutumwa kwa watu wawili, linatosha kabisa.

Vibarua wa kutwa ndio wanaosahaulika. Kiwanda kinaweza kuwa na kumbukumbu safi za waajiriwa wote, huku wapakiaji walioitwa getini asubuhi ile wakiwa hawajulikani hata kwa majina yao mawili. Moto ukitokea, hao ndio watakaotafutwa na ndugu zao bila mtu wa kuwajibu. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, kampuni isiyoweza kusema kwa dakika tano ni watu wangapi wamo ndani ya uzio wake haijaanza maandalizi, hata kama imenunua mitungi ya kuzimia moto ya kila aina.

Tahadhari moja: orodha zenye namba za simu za ndugu na taarifa za afya za wafanyakazi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai zitunzwe kwa uangalifu na zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa. Zisibandikwe ukutani.

Kikosi cha kushughulikia majanga kiwe na nani?

Watu watano hadi saba, kila mmoja akiwa na msaidizi anayeijua kazi yake. Awepo kiongozi mwenye kauli ya mwisho, anayesimamia shughuli na usalama, anayeshughulika na wafanyakazi na familia, msemaji, anayeshika fedha na ununuzi wa haraka, na mtu wa kuandika. Huyo wa mwisho hupuuzwa sana. Kazi yake ni kuandika saa, taarifa iliyofika, uamuzi uliofanywa na aliyeuamua. Bila yeye, baada ya siku mbili hakuna anayekumbuka ni nani aliyeagiza umeme uzimwe.

Mkurugenzi si lazima awe kiongozi wa kikosi. Mara nyingi ni bora meneja wa shughuli aongoze, na mkurugenzi abaki huru kuzungumza na familia, mamlaka na benki. Katika kampuni za kifamilia, ambazo ni nyingi hapa Mwanza, jambo hili huwa gumu, kwa kuwa wafanyakazi wamezoea kwamba hakuna linalotendeka mpaka mzee aseme. Basi mzee mwenyewe aseme mapema, mbele ya wote, kwamba katika dharura neno la fulani ni neno lake.

Mamlaka mawili yaandikwe bila utata: mamlaka ya kusimamisha kazi, na mamlaka ya kutumia fedha. Nahodha anayeona chombo kimezidiwa, au msimamizi anayenusa amonia, gesi ya sumu inayotumika katika majokofu, kwenye chumba cha baridi, lazima awe na haki ya kusimamisha kazi papo hapo bila kupiga simu. Na kiongozi wa zamu awe na kiwango cha fedha anachoweza kutumia usiku kwa mafuta, gari la wagonjwa au dawa bila kusubiri saini mbili.

Saa ya kwanza itumike vipi?

Kwanza watu, kisha kuzuia hatari isienee, kisha kutoa taarifa. Katika mazoea yetu hatua ya kwanza huwa ni kumpigia bosi, na hapo muda hupotea. Aliye karibu na tukio aanze kuwaondoa watu na kuita msaada. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na Polisi kwa 112. Bosi apigiwe na mtu wa pili.

Kampuni pia ijue kwamba msaada rasmi unaweza kuchelewa. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 walifariki. Kampuni iliyo ufukweni ina kila sababu ya kujuana na uongozi wa mwalo wa jirani, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, kujua nani ana mtumbwi wenye injini, na kukubaliana mapema kuhusu mafuta yatakayotumika. Makubaliano ya namna hiyo hayana gharama kubwa na hayamo katika kiolezo chochote.

Hata hivyo, nia njema bila mtu wa kuongoza inaweza kuongeza madhara. MV Bukoba ilipokuwa imepinduka huku sehemu yake ikielea, tundu lilikatwa kwenye chuma ili kuwatoa waliokuwa ndani. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, na meli ikazama. Katika kiwanda, jambo linalofanana na hilo ni mtu kukimbilia kumwaga maji kwenye moto wa umeme, au kuingia kwenye tangi kumvuta mwenzake aliyezimia kwa gesi na kuanguka naye. Wafanyakazi wafundishwe mambo mawili au matatu ambayo hawatakiwi kuyafanya katika mazingira yao, na wayajue kwa moyo.

Picha zimeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hatujasema lolote. Tufanye nini?

Hiyo ndiyo hali ya kawaida siku hizi, na mpango uandikwe ukiichukulia hivyo. Anayeshuhudia moshi kutoka Barabara ya Nyerere atapiga picha na kuituma kabla ya msimamizi wenu kufika eneo la tukio. Lengo lisiwe kuwahi picha. Liwe kuwa chanzo ambacho watu watakirejea wakitaka kujua ukweli. Taarifa ya kwanza itoke ndani ya saa moja, nayo iwe fupi. Mfano wa taarifa inayofaa kwa tukio la kufikirika ni huu:

"Leo saa nne asubuhi moto ulizuka katika ghala letu la Nyakato. Watu 27 waliokuwa ndani wote wametoka, na wawili kati yao wamepelekwa hospitali kwa sababu ya moshi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaendelea na kazi. Chanzo cha moto hakijajulikana. Ndugu wa wafanyakazi wapige namba iliyo hapa chini. Tutatoa taarifa nyingine saa nane mchana."

Idadi ya watu imetajwa kwa sababu orodha ilikuwepo. Chanzo kimeachwa, wala hakuna aliyetupiwa lawama, iwe ni shirika la umeme au kibarua fulani. Na ahadi ya saa nane lazima itimizwe, hata kama saa nane ikifika hakuna jipya la kusema. Katika hali hiyo msemaji aseme hivyo hivyo, na ataje saa nyingine. Ukimya baada ya ahadi huleta uvumi kuliko ukimya wa mwanzo.

Msemaji awe mmoja, lakini wafanyakazi wote wapewe sentensi moja ya kujibu wanapoulizwa na waandishi au majirani, na wapate habari za kampuni yao kabla ya redio. Kuwakataza kabisa wasiseme hakusaidii, kwa kuwa watasema nyumbani. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu taarifa za uongo, na kampuni inayotangaza kwamba hakuna aliyeumia huku ikijua vinginevyo inajiweka pabaya mara mbili.

Mwanasheria wetu anatukataza kuomba radhi. Yuko sahihi?

Yuko sahihi kwa sehemu. Kutamka chanzo cha ajali au kukubali uzembe kabla ya uchunguzi kunaweza kuathiri kesi na madai ya bima. Lakini kusema kwamba mmesikitishwa na kifo cha mfanyakazi wenu, kwamba mnagharamia matibabu ya majeruhi na kwamba mnashirikiana na wachunguzi si kukiri kosa. Mwanasheria mzuri atawasaidia kuiandika kauli hiyo badala ya kuifuta.

Mifano ya nje inajulikana. Mwaka 1982 watu 7 walikufa katika eneo la Chicago, Marekani, baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi. Sumu haikutiwa kiwandani, na kampuni ya Johnson & Johnson ingeweza kujificha nyuma ya ukweli huo. Badala yake iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kwa gharama iliyozidi dola milioni 100, kisha ikarudi na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Kinyume chake ni mwaka 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuua wafanyakazi 11. Mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, Tony Hayward, aliwaambia waandishi kwamba anatamani arudishiwe maisha yake, kauli iliyowachukiza watu kwa sababu kuna waliokuwa wamepoteza maisha kweli. Aliacha wadhifa huo mwaka uleule.

Bidhaa yetu inashukiwa, lakini tunaamini haina tatizo. Tusubiri uthibitisho?

Viwanda vya samaki vya Mwanza vina jibu la swali hili kuliko kitabu chochote. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu Afrika Mashariki, kisha mwaka 1999 kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu. Katika suala la kipindupindu, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipinga marufuku ya namna hiyo. Kuwa na hoja, hata hivyo, hakukufungua soko. Minofu ya sangara ilibaki bila mnunuzi wa Ulaya, na athari zikashuka hadi kwa mvuvi, mchuuzi na mama wa kukaanga vichwa vya samaki.

Kilichofungua soko ni ushahidi uliowekwa kwenye karatasi: ukaguzi wa mialo na viwanda, taratibu za kudhibiti hatari katika kila hatua ya uchakataji, na vipimo vya maabara. Maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki iliyopo Nyegezi ni sehemu ya mfumo huo. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuona usafi wa sakafu yenu. Anachoweza kuona ni kumbukumbu.

Kwa hiyo msisubiri. Zuieni mzigo unaoshukiwa usitoke, utengwe na uwekewe alama, mamlaka husika na wanunuzi waarifiwe, kisha vipimo viendelee. Gharama ya kuzuia mzigo wa siku mbili ni ndogo kuliko ya kurudisha mzigo ulioshafika bandari ya ugenini.

Jaribio la kufuatilia mzigo linafaa lifanyike mara mbili kwa mwaka. Chukueni boksi moja kutoka chumba cha baridi, bila kuwaarifu watunza kumbukumbu mapema. Waulizwe samaki huyo alitoka mwalo upi, aliletwa na wakala gani, alipokewa kwa nyuzijoto ngapi, alikatwa na zamu ipi, na maboksi mengine ya kundi lilelile yako wapi sasa. Kisha geuzeni: taja mwalo na tarehe, na waonyeshe kila boksi lililotokana na mzigo huo na mnunuzi aliyelipokea. Ikichukua zaidi ya saa mbili, au jibu likawa "tumuulize fulani, yuko likizo", mmeshaujua upungufu wenu kabla mnunuzi hajaugundua.

Kukatika kwa umeme na intaneti ni janga?

Kwa chumba cha baridi, ndiyo, na kwa muda mfupi sana. Mpango utaje kwa saa, si kwa maneno ya jumla: jenereta ina mafuta ya saa ngapi, joto la chumba linapanda kwa kasi gani mlango ukiwa umefungwa, na baada ya saa ngapi mzigo unahamishiwa wapi.

Kuhusu intaneti, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari ziliharibika na huduma ikayumba nchini kote. Kampuni zilizokuwa zimehamishia kila kitu mtandaoni, pamoja na namba za simu za wateja, ziligundua kwamba haziwezi hata kujua zimpigie nani na kwa namba ipi. Wekeni nakala za karatasi za mambo machache ya lazima, na njia ya kupokea na kuandikisha malipo bila mfumo.

Mfanyakazi akifariki kazini, wajibu wetu kwa familia ni upi?

Kisheria, ajali ya kazini inahusu OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa upande wa usalama, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, kwa upande wa mafao. Taratibu za kutoa taarifa na fomu zake ziwe zimechapishwa na kuwekwa ndani ya mpango mapema, pamoja na jina la mtu atakayezijaza.

Nje ya sheria kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu, na kampuni huhukumiwa kwayo zaidi. Habari ya kifo isipelekwe kwa simu kama kuna njia ya kufika. Aende mtu mwenye umri na cheo, akifuatana na mfanyakazi anayefahamika na familia, na aanze na mzee wa nyumba, si na mjane peke yake. Asibebe karatasi ya kusainiwa. Kampuni iulize mazishi yatakuwa wapi, kwa kuwa marehemu aliyekuwa akiishi Buhongwa anaweza kurudishwa Kwimba, Ukerewe au Musoma, na usafiri wa mwili na waombolezaji ndilo jambo la kwanza linaloisumbua familia. Viongozi wakae msibani kwa muda wa kutosha, sio kupiga picha ya kukabidhi bahasha ya rambirambi na kuondoka. Picha hiyo, tusifichane, huwa inawaudhi watu kuliko kutokwenda kabisa.

Mtu mmoja abaki kuwa mshika uhusiano na familia kwa miezi inayofuata, mpaka mafao yalipwe. Wanaozungushwa ofisi hadi ofisi ndio hufika kwa waandishi wa habari, na wana haki.

Bima haitoshi?

Bima hulipa hasara baada ya madai kukubaliwa, na madai hudai ushahidi. Hairudishi wateja waliohamia kwa mwingine wakati mmefunga. Someni mkataba wenu kuona kama unagusa hasara ya kusimama kwa biashara au mali pekee, na kama mafuriko ya ziwa yamo au yametengwa.

Mazoezi yafanyike mara ngapi, na yaweje?

Zoezi la kutoka nje ya jengo lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, mojawapo likiwa zamu ya usiku, kwa sababu usiku ndipo walinzi na wasimamizi huwa wachache. Zoezi la mezani kwa kikosi, ambapo kisa hutolewa hatua kwa hatua na watu huamua, linatosha mara moja kwa mwaka. Liharibuni kwa makusudi: semeni kwamba kiongozi yuko ndani ya ndege na hapatikani, au kwamba simu hazina mtandao. Zoezi lililokwenda bila hitilafu halikuwa gumu vya kutosha.

Je, tupate cheti cha viwango vya kimataifa?

Kiwango cha ISO 22301 kinahusu mwendelezo wa biashara, na ISO 22361 cha mwaka 2022 kinatoa mwongozo wa kusimamia majanga. Kama wanunuzi wenu wanadai cheti cha kwanza, kitafuteni. Cha pili ni mwongozo tu. Kwa kampuni nyingi za hapa, fedha hizo zingefaa zaidi kutengeneza milango ya dharura.

Hali ikitulia, uchunguzi wa ndani ufanywe na nani?

Usifanywe na aliyekuwa akiongoza eneo lililopata ajali, wala usianze kwa kutafuta wa kufukuzwa. Ukimfukuza dereva aliyelala usukani wiki ileile, hutajua kamwe kwamba alikuwa amepangiwa safari ya tatu mfululizo na ofisi yako mwenyewe. Tumieni daftari la yule mwandishi wa kikosi, wahojini watu mmoja mmoja ndani ya siku chache wakati kumbukumbu bado iko wazi, na wasikilizeni pia majirani na wavuvi walioona kwa nje. Ripoti isomwe kwa wafanyakazi wote kwa Kiswahili, ikitaja kitakachobadilika, nani atakibadilisha na lini.

Mpango wenyewe ukae wapi?

Nakala ya karatasi iwe kwa mlinzi wa lango, nyingine nyumbani kwa kiongozi wa kikosi na nyingine kwa msaidizi wake, na ya kidijitali iwe kwenye simu za wanakikosi wote. Ukurasa wa kwanza uwe na namba za simu tu. Kila mwanzo wa robo mwaka mtu mmoja azipige zote, aondoe za walioacha kazi, na aandike tarehe chini ya ukurasa.